Mkono wa Bunduki na Mkono wa Maziwa

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Yamepigwa chapa kwa faida ya wale wanaopenda kuyasoma tena.

MANENO YA KUANDIKA UBAONI KABLA YA KIPINDI

Silaha: vyombo vya vita, kama bunduki, risasi, mizinga na mabomu.
Raia: katika somo hili maana yake ni mtu asiye askari.
Kuzingira: kuzunguka mahali na kufunga njia zote, watu na vitu visipite.
Kutambua: serikali moja kuikubali nchi nyingine kuwa ni nchi kweli.
Mizani: chombo cha kupimia uzito.

MAZUNGUMZO

Ndugu wanafunzi, natumaini mmekwisha kukaa, na yule aliyechelewa amepata nafasi kwenye benchi. Mwalimu ameandika maneno matano ubaoni. Yasomeni pamoja naye mara mbili, polepole.

Neno la mwisho ni mizani. Hilo halina haja ya kuelezwa. Mkulima akipeleka pamba yake au kahawa yake kwenye chama cha ushirika, huikodolea mizani macho, kwa sababu akipunjwa pale kazi ya mwaka mzima imepotea. Leo tutazungumza juu ya mizani nyingine, ambayo haionekani kwa macho. Ni mizani wanayoishika viongozi wa nchi wanapoombwa silaha na nchi nyingine yenye vita, na huku watoto katika vita ile ile wanakufa kwa njaa.

Somo hili limetokana na barua. Mama mmoja, mwanafunzi wa darasa la watu wazima, aliniandikia kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa kubwa zilizonyoka. Aliuliza hivi: "Bwana Afisa, nimesikia katika habari kwamba Serikali moja imepeleka silaha na pia imepeleka chakula katika vita ile ile. Je, hao wanataka watu wafe au wapone?"

Nililiweka swali hilo mezani pangu siku nyingi. Nilisoma mambo ya namna hii nilipokuwa nikitafuta diploma yangu ya Chuo Kikuu, lakini sikumbuki kulisikia likiulizwa waziwazi namna hiyo. Basi leo nitajaribu kulijibu. Kwanza nitatoa mfano wa kijijini, kisha tutakwenda Nigeria.

Ndugu wawili na panga moja

Tuseme kijijini kwenu wako ndugu wawili, mkubwa na mdogo, na mashamba yao yanapakana. Wewe unayo mapanga mazuri. Kila mwaka yule mkubwa huja kwako kuazima panga la kufyekea, nawe humpa, na baada ya mavuno hukuletea debe la mahindi.

Mwaka huu ndugu hao wamegombana. Mdogo amesema, "Mimi si wa nyumba hii tena," akajenga ua, akajitenga. Mkubwa amesema ua huo hautasimama. Ameziba njia ya kisimani na njia ya sokoni, na watoto wa mdogo wameanza kukonda. Asubuhi moja unasikia hodi. Ni yule mkubwa. Anasema, "Nimekuja kuazima panga kama kawaida."

Utafanya nini? Ukimpa, huwezi kusema kwamba hukujua anakwenda nalo wapi. Ukimnyima, atasema umemsaliti, maana nyumba ni yake na wewe ni rafiki yake wa siku nyingi. Kisha atakwenda kwa jirani mwingine, ambaye wewe humpendi, apewe panga kali zaidi. Na lile debe la mahindi litakwenda huko. Na jioni ile ile mkeo anakuambia, "Nimepika uji, nataka kuupeleka kwa wale watoto."

Uji ni kitu chema. Lakini je, uji huo utalifuta lile panga?

(Hapa msemaji alinyamaza dakika mbili ili madarasa yajadiliane.)

Natumaini hamkukubaliana upesi. Hata mabunge makubwa hayakukubaliana. Sasa twende kwenye jambo lililotokea kweli.

Vita vya Nigeria, 1967 hadi 1970

Mwalimu, tafadhali waonyeshe Nigeria katika ramani. Iko Afrika ya Magharibi, nayo ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 1 Oktoba 1960. Wazee wachache kati yenu huenda wanakumbuka kusikia habari za vita hivi redioni. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa.

Vita hivi vina mizizi mingi, nami nitaitaja michache. Mwezi wa Januari 1966 baadhi ya maofisa wa jeshi waliipindua Serikali na kumwua Waziri Mkuu, Abubakar Tafawa Balewa, pamoja na viongozi wengine. Mwezi wa Julai mwaka ule ule askari wengine wakapindua tena, na Yakubu Gowon akawa mkuu wa Serikali. Katika mwaka huo maelfu ya Waibo waliokuwa wakiishi Kaskazini waliuawa. Waliosalimika walikimbia kwa mamia ya maelfu kurudi kwao Mashariki, wakiwa na majeraha na bila mali. Tarehe 30 Mei 1967 mkuu wa Jimbo la Mashariki, Odumegwu Ojukwu, alitangaza kwamba jimbo lake limejitenga na sasa ni nchi iitwayo Biafra. Serikali ya Gowon ilikataa. Ilisema ikikubali jimbo moja lijitenge, Nigeria itavunjika vipande. Tena sehemu kubwa ya mafuta ya petroli ya nchi ilikuwa upande ule. Tarehe 6 Julai 1967 vita vikaanza.

Serikali iliizingira Biafra. Meli zilizuiwa baharini na njia za nchi kavu zikafungwa. Mwezi wa Mei 1968 jeshi la Serikali likauteka mji wa Port Harcourt, na Biafra ikawa haina bandari tena. Hapo njaa ikazidi. Kabla ya vita watu wa Mashariki walikuwa wakipata nyama ya ng'ombe kutoka Kaskazini, na samaki mkavu kutoka Norway, ng'ambo ya mbali. Vyote viwili vikakatika. Muhogo ulikuwapo, lakini ninyi akina mama mnajua mtoto akilishwa muhogo mtupu miezi mingi atakuwaje. Nywele hugeuka nyekundu, miguu na uso huvimba, hataki kucheza wala kula. Ni ugonjwa wa kwashakoo. Watoto waliupata kwa maelfu na maelfu. Mwezi wa Juni 1968 picha zao zilitokea katika magazeti ya Ulaya, na watu waliokuwa hawajui hata Nigeria iko wapi wakaanza kuwauliza wabunge wao maswali.

Mizani ya Waingereza

Sasa ndipo tunafika kwa yule mwenye mapanga. Jeshi la Nigeria lilikuwa limezoea kununua silaha Uingereza. Vita vilipoanza, Serikali ya Nigeria ilibisha hodi kama kawaida. Waziri Mkuu wa Uingereza wakati ule alikuwa Harold Wilson.

Tutazame aliweka nini katika kila upande wa mizani. Upande mmoja aliweka haya: Nigeria ni rafiki, ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, na Serikali yake inatambuliwa na karibu dunia nzima. Rafiki akinyimwa silaha siku ya shida, ni sawa na kumsaidia adui yake. Pia aliona kwamba Uingereza ikikataa, Urusi itauza, na Waingereza watapoteza sauti yao Nigeria. Tena kampuni ya mafuta ya Shell-BP ilikuwa na mali nyingi kule, na Waingereza wengi waliishi kule. Upande wa pili walikuwapo raia waliozingirwa, na watoto wenye kwashakoo.

Wilson aliamua kuuza, lakini kwa mpaka. Uingereza iliuza bunduki, risasi na magari ya deraya. Ilikataa kuuza ndege za vita na mabomu. Nigeria ikazipata ndege kutoka Urusi. Basi ona jinsi mambo yalivyokwenda: yule jirani asiyependwa aliingia hata hivyo, ijapokuwa hodi ilipokewa.

Kwa mkono wa pili Uingereza ilitoa fedha za chakula na dawa. Mwaka 1968 ilimtuma Lord Hunt, yule aliyeongoza safari ya Everest ya mwaka 1953, aende Nigeria kutazama jinsi msaada utakavyowafikia wenye njaa. Serikali ikawaambia wananchi wake: tunauza silaha kidogo kwa rafiki ili tuwe na sauti, na kwa sauti hiyo tunamwomba afungulie chakula njia.

Wabunge wengi hawakuridhika. Mwezi wa Agosti 1968, wakati wa likizo, Bunge liliitwa kwa sababu majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Czechoslovakia, na katika kikao hicho habari ya Nigeria ilijadiliwa pia. Wabunge wa chama cha Waziri Mkuu mwenyewe walimshambulia. Walimwuliza: hiyo sauti unayosema unayo, imefungua njia gani? Mbona chakula hakipiti? Mwezi wa Machi 1969 Wilson alikwenda Nigeria mwenyewe. Alirudi, na silaha ziliendelea kuuzwa mpaka mwisho wa vita.

Ndugu zangu, swali lile la wabunge mlishike vizuri. Mtu akisema "nampa silaha ili anisikilize", ni haki kumwuliza, "Je, amekusikiliza?" Hiyo ni hesabu inayoweza kukaguliwa, kama hesabu ya ushirika.

Nchi nyingine zilifanyaje?

Uholanzi na Ubelgiji zilikuwa zikiiuzia Nigeria silaha. Katika mwaka 1968 zikaacha. Basi haikuwa kweli kwamba hakuna njia nyingine. Lakini wao hawakuwa na mali nyingi Nigeria kama Waingereza, na kuacha kwao hakukusimamisha vita.

Marekani ilikataa kuuzia upande wowote silaha. Ilitoa fedha nyingi na chakula kingi, na mwisho wa mwaka 1968 ikayauzia mashirika ya msaada ndege kubwa 8 za mizigo. Hata hivyo iliendelea kuitambua Serikali ya Nigeria peke yake. Mwaka 1969 Rais Nixon alimteua ofisa maalumu wa kusimamia msaada wa njaa, ili kazi ya chakula itengwe na kazi ya siasa.

Ufaransa ilifanya kinyume. Hadharani ilionyesha huruma kwa Biafra, lakini haikuitambua. Kwa siri silaha zilipitia Gabon na Cote d'Ivoire kwenda Biafra. Silaha za siri zina ubaya wake wa pekee: hakuna mbunge wala mwananchi anayeweza kuzipima, kwa kuwa hazikuwekwa juu ya mizani. Tena ziliwapa watu waliozingirwa nguvu ya kuendelea kupigana, lakini si nguvu ya kushinda.

Chakula nacho kikaingia vitani

Labda mtasema: basi, tuache silaha, tupeleke chakula tu, na mikono yetu itakuwa safi. Sikilizeni yaliyotokea.

Makanisa ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, pamoja na mashirika ya Kiyahudi, yaliungana kupeleka chakula kwa ndege kutoka kisiwa cha São Tomé. Msalaba Mwekundu ulipeleka kutoka kisiwa cha Fernando Po. Ndege ziliruka usiku tu na kutua Uli. Uli haukuwa uwanja wa kweli. Ulikuwa kipande cha barabara ya lami kilichopanuliwa, na taa zake ziliwashwa kwa kitambo kifupi ndege ikikaribia, kisha zikazimwa, kwa maana ndege ya Serikali ilikuwa ikizunguka juu kutafuta mahali pa kuangusha bomu. Ndege za makanisa peke yake zilifanya safari zaidi ya 5,000, zikapeleka yapata tani 60,000. Ndani ya magunia yale alikuwamo tena yule samaki mkavu wa Norway. Baadhi ya marubani walikufa katika kazi hiyo.

Lakini katika Uli ile ile, usiku ule ule, zilitua pia ndege za silaha. Serikali ya Nigeria ilisema, "Tutajuaje ipi ina maziwa na ipi ina risasi?" Ilitaka chakula kipite mchana, kikaguliwe kwanza, au kipite kwa njia ya nchi kavu. Ojukwu alikataa. Alisema chakula kilichopita mikononi mwa adui kinaweza kutiwa sumu, na njia ikifunguliwa kwa malori ya chakula, jeshi litaifuata. Alijua pia kwamba ndege za chakula zikiruka mchana, ndege zake za silaha zitabaki peke yake usiku bila maficho. Mwezi wa Septemba 1969 Msalaba Mwekundu ulipatana na Serikali juu ya safari za mchana. Biafra ikakataa. Basi tusiseme kwamba upande mmoja tu uliwapima watoto katika mizani ya vita. Pande zote mbili zilifanya hivyo.

Yuko mtu mmoja anayeonyesha mkanganyo huu vizuri. Ni Msweden, Carl Gustaf von Rosen. Mwaka 1935 na 1936 alirusha ndege ya wagonjwa ya Msalaba Mwekundu kule Ethiopia, Waitalia walipoivamia. Mwezi wa Agosti 1968 alipeleka chakula Biafra kwa ndege, akipita katikati ya mazingira ya jeshi. Aliona njaa kwa macho yake. Akafikiri chakula hakitoshi. Mwezi wa Mei 1969 alirudi na ndege ndogo 5 zilizofungwa makombora, akavishambulia viwanja vya ndege vya Serikali. Tarehe 5 Juni 1969 ndege ya vita ya Serikali iliiangusha ndege ya Msalaba Mwekundu iliyobeba chakula, na watu waliokuwamo wakafa. Msalaba Mwekundu ukasimamisha safari zake za usiku. Sisemi kwamba jambo moja ndilo lililozaa jingine. Nasema yalikuja karibu karibu, na wenye njaa ndio waliokosa. Von Rosen mwenyewe alikufa mwaka 1977, huko huko Ethiopia, akifanya kazi ya kupeleka chakula wakati wa vita vya Ogaden. Hakuwa mtu mbaya. Lakini mkono uliozoeleka kuleta maziwa ukishika kombora, mikono yote inayoleta maziwa hutiliwa mashaka.

Na sisi Tanzania?

Nchi yetu haikukaa kimya. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra, nayo ilikuwa nchi ya kwanza kufanya hivyo. Gabon, Cote d'Ivoire na Zambia zilifuata mwezi wa Mei. Watu walishangaa. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenda umoja, na miaka minne tu kabla ya hapo Tanganyika na Zanzibar zilikuwa zimeungana. Kwa nini aunge mkono kujitenga? Hoja yake kwa kifupi ilikuwa hii: dola ipo kwa ajili ya watu wake. Watu waliouawa kwa maelfu na kukosa ulinzi wa dola, wakiona kwamba usalama wao haumo tena ndani yake, hawawezi kurudishwa katika umoja kwa bunduki, kwa sababu umoja hutoka katika ridhaa. Aliwalaumu Waingereza kwa silaha zao.

Nchi nyingi za Afrika zilimpinga. Ziliogopa kwamba mipaka ya Afrika ikianza kuvunjwa haitakuwa na mwisho. Katika mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kule Algiers, Septemba 1968, nchi 33 ziliunga mkono umoja wa Nigeria, na 4 zikakataa. Hizo 4 ni zile nilizozitaja.

Je, Tanzania ilipima sawasawa? Sitawajibia. Wengine husema ilisema kweli wakati wengine walipoiogopa. Wengine husema iliwapa watu wa Biafra tumaini ambalo halikuweza kuwaokoa, na vita vikarefuka. Nitasema neno moja tu: Serikali ilitoa sababu zake hadharani, zikachapwa, hata leo tunaweza kuzisoma na kuzibishia. Hilo ni jambo jema, hata kwa yule asiyekubaliana nazo.

Mwisho wa vita na sheria zilizofuata

Biafra ilisalimu amri mwezi wa Januari 1970, na tarehe 15 mwezi ule mapatano yakakamilishwa Lagos. Gowon alitangaza kwamba hakuna mshindi wala mshindwa. Yale mauaji makubwa ambayo wengi waliyaogopa hayakutokea baada ya vita, na watetezi wa Wilson hukumbusha jambo hilo. Wapinzani wake hukumbusha jambo jingine: watu walikuwa wamekwisha kufa. Idadi yao haijulikani barabara. Makadirio hutoka nusu milioni hadi milioni 3, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi, si kwa risasi. Na Gowon alikataa msaada wa makanisa yale yaliyorusha ndege Uli, na wa nchi alizoziona kuwa ziliisaidia Biafra, ijapokuwa wenye njaa walikuwa bado wengi.

Dunia ilijifunza polepole. Mwaka 1977 mataifa yalipatana katika nyongeza za Mikataba ya Geneva kwamba ni marufuku kuwanyima raia chakula ili kuwashinda vitani. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Biashara ya Silaha. Mkataba huo unakataza nchi kuuza silaha ikiwa inajua kwamba zitatumika kuangamiza watu au kushambulia raia, na unaitaka ipime hatari kabla ya kuuza. Nigeria yenyewe iliuridhia mwaka ule ule.

Lakini sheria haijipimi yenyewe. Vita vya Yemen vilipopamba moto mwaka 2015, Uingereza na Marekani ziliiuzia Saudi Arabia silaha, na huku zikatoa fedha nyingi kuwalisha watu wa Yemen. Mwezi wa Juni 2019 mahakama ya rufani mjini London iliamua kwamba Serikali ya Uingereza ilikosea kisheria, kwa sababu ilitoa ruhusa za kuuza silaha bila kupima kama sheria za vita zilikuwa zimevunjwa katika mashambulio yaliyopita. Mwaka uliofuata Serikali ikasema imekwisha kupima, ikaanza tena kutoa ruhusa. Mnaona, swali la mama yetu si la zamani.

Jibu la barua

Sasa nimjibu mama. Uliuliza, je, hao wanataka watu wafe au wapone? Mara nyingi, mama, hawataki watu wafe. Wanataka mambo mawili ambayo hayakai pamoja, nao hawapendi kuchagua. Kiongozi anataka rafiki yake ashinde, biashara iendelee, adui asiingie. Pia anahurumia watoto, au wananchi wake wanawahurumia nao ndio wapiga kura. Basi hutoa mkono huu na mkono huu, na akiulizwa juu ya bunduki huonyesha maziwa.

Hapo ndipo mwananchi anapaswa kusema: la, tupime kila kitu peke yake. Maziwa ni mema, asante. Sasa turudi kwenye bunduki. Yako maswali manne ya kuuliza.

La kwanza: silaha hizi zitaelekezwa kwa nani, na wenye njaa wako upande gani?
La pili: mpaka umewekwa wapi, na nani anaukagua?
La tatu: umesema unatoa ili usikilizwe, je, njia ya chakula imefunguliwa?
La nne: ukiacha kutoa, kutatokea nini kweli, na ni nani atakayepata hasara, wale raia au mfuko wako?

Kiongozi mwaminifu anaweza kuyajibu maswali haya na bado akaamua kutoa silaha, maana ziko nchi zinazovamiwa na zina haki ya kujilinda. Sisi wenyewe Tanzania tulipigana mwaka 1978 na 1979, Idi Amin alipoingia Kagera. Siwafundishi kwamba kila bunduki ni dhambi. Nawafundisha kwamba uji haulifuti panga. Mwenye kuazimisha panga atoe sababu za panga, na mwenye kupika uji aupeleke kwa sababu watoto wana njaa, asiupeleke ili majirani wasahau panga.

Ndugu zangu, mmejifunza kusoma. Jana gazeti lilikuwa karatasi ya kufungia karanga, leo linasema nanyi. Mkisoma ndani yake kwamba Serikali yoyote, yetu au ya wengine, imetoa msaada, someni mpaka mwisho wa habari. Tazameni kama kuna mkono wa pili.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Yule jirani aliyeombwa panga angefanya nini? Kila mtu atoe sababu moja.
2. Kwa nini Serikali ya Uingereza iliendelea kuuza silaha? Taja sababu tatu zilizotajwa katika somo.
3. Kwa nini Ojukwu alikataa chakula kupita mchana? Je, unaona alikuwa na haki?
4. Uholanzi na Ubelgiji ziliacha kuuza silaha, lakini vita viliendelea. Je, kuacha kwao kulikuwa na faida?
5. Wazee wanaokumbuka mwaka 1968 waeleze walisikia nini juu ya Biafra wakati ule.

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika barua fupi, mistari sita au saba, kwa mbunge wako. Mwulize swali moja kati ya yale manne. Andika tarehe juu kulia, na jina lako chini. Mwalimu ataisahihisha herufi, lakini maneno yawe yako mwenyewe.